Mzee ataona nini Mombasa?

Ulimi hauna mfupa. Wangu, mwezi uliopita, nusura univunjie nyumba niliyoitunza kwa miaka 36. Maneno yenyewe yalikuwa manne tu, tena niliyasema kwa sauti ya chini, nikiwa jikoni nasonga ugali huku nimeibana simu kati ya sikio na bega. Nilikuwa nazungumza na binti yetu mkubwa aliye Nairobi. Nikamwambia, "Mzee ataona nini Mombasa?"

Sikujua kwamba mzee mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni.

Lakini ili unielewe, msomaji mwenzangu, itabidi nianzie mbali kidogo. Nianzie kwenye vitabu.

Sisi tunaishi Nakuru, upande wa Free Area. Mume wangu alikuwa karani katika shule moja ya upili hadi alipostaafu mwaka 2016. Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko sebuleni, imeelekezwa dirishani ili nipate mwanga, na hapo ndipo nimeketi tangu watoto wetu watatu wakiwa wadogo. Sare za shule, nguo za arusi, mapazia, kubana suruali, kupanua rinda la mtu aliyenenepa: kazi ya sindano haina Jumamosi.

Sasa, shule inapobadilisha vitabu vya kutahiniwa, vile vya zamani hukosa mwenyewe. Hutupwa stoo vikaliwa na mchwa. Mume wangu hangeweza kustahimili jambo hilo. Aliviomba kwa mwalimu mkuu, akavifunga kwa kamba, akavileta nyumbani katoni baada ya katoni. Vingine alivinunua mwenyewe kwa wachuuzi waliovitandaza kando ya barabara. Vikajaa kabatini. Vikaingia chini ya kitanda. Vikapanda juu ya jokofu. Nikamwambia, "Mzee, hivi vitabu havili, lakini vinakula nafasi." Akacheka tu. Yeye ni mtu wa maneno machache, nami, kama ulivyokwisha kuona, ni mtu wa maneno mengi.

Kisha panya wakaja. Asubuhi moja tukakuta wametafuna pembe za kitabu cha Nyota ya Rehema, wakakifanya kitanda cha wanao. Siku hiyo ndiyo pekee niliyomsikia mume wangu akitukana. Jioni yake akarudi na mtoto wa paka ndani ya mfuko wa koti, mweusi mwenye soksi nyeupe, mdogo mithili ya kitunguu. Akampa jina Najumu.

Wasomaji wa zamani watalitambua jina hilo. Najum ndiye rafiki wa Bwana Msa, yule mpelelezi mvuta kiko aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Hadithi ya kwanza ya Bwana Msa, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 kabla ya kuchapishwa mwaka 1960, na nyingine zikaifuata, kama vile Kisima cha Giningi na Siri ya Sifuri. Popote Bwana Msa aendapo, Najum yu karibu. Na kweli paka huyu alishika desturi hiyo. Mzee akienda msalani, Najumu yuko nyuma. Mzee akitoka nje kuota jua, Najumu yuko miguuni. Mimi niliyemtilia maziwa kila siku sikupewa hata salamu.

Mwaka 2017, treni mpya ya abiria ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa ilipoanza kazi, gazeti lilitoa picha yake, na picha nyingine ya ndani ya behewa. Mume wangu akazikata kwa mkasi wangu wa nguo, jambo ambalo tuligombania, akazibandika kwa gundi ya unga ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Akasema, "Mama Watoto, Desemba hii tutapanda hiyo."

Mimi nilikuwa sijawahi kufika Mombasa. Yeye alifika mara moja, kabla hatujaoana, kwa treni ile ya kale ya usiku. Nikamjibu, "Inshallah," jinsi mtu anavyoitikia asichokusudia kukifanya.

Desemba ikafika, mabati ya paa yakawa yanavuja. Tukanunua mabati. Mwaka 2018 nilifiwa na kaka, na mazishi yana gharama zake. Mwaka 2019 kitinda mimba wetu akaingia chuoni, karo ikameza kila kitu hadi pesa za chama. Mwaka 2020 ikaja korona, na serikali ikafunga hata njia za kuingia na kutoka Nairobi. Mwaka 2021 nikasema tuanze kwanza chumba kimoja cha kukodisha pale nyuma, kikishaanza kulipa ndipo tusafiri kwa raha. Kila mara sababu ilikuwa nzuri. Ukinipeleka mahakamani leo, hakuna hata moja itakayotupwa na hakimu. Na kila mara anayeitoa sababu alikuwa mimi, na anayesema "haya basi, mwakani" alikuwa yeye.

Ni katika mwaka huo wa chumba ndipo alipoanza kumkanyaga paka.

Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikamwambia aangalie anapoweka mguu. Mara ya tano, Najumu alipolia hadi jirani akauliza kunani, nilimfokea mume wangu kama mtoto. Aidha, alianza kuangusha vikombe. Kikombe kikiwekwa mbele yake, hakuna taabu. Kikiwekwa kando, mkono unakipiga, chai inamwagika juu ya vitambaa vya wateja wangu. Akawa anagonga bega kwenye fremu ya mlango wa nyumba aliyoishi miaka ishirini. Watu wakaanza kuniambia mtaani, "Mzee wako siku hizi ana maringo, tunampa mkono anatupita." Nikadhani ni kustaafu kumempa kiburi. Nikadhani pengine anakunywa kwa siri, nikamnusa shati. Nilidhani kila kitu isipokuwa kile kilichokuwepo.

Na akaacha kusoma. Aliketi na kitabu kimefungwa mapajani, paka juu yake. Mungu anisamehe, mimi nilifurahi. Niliona sasa stima itapumzika usiku.

Ni kitinda mimba wetu aliyemfunua. Alikuja likizo, akaketi upande wa kushoto wa babake, akanyoosha mkono kumpa ndizi. Mzee akawa anatazama mbele tu. Yule mtoto akaupunga mkono, akaupunga tena. Kisha akanitazama, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

Tulipompeleka kwa daktari wa macho, alimpima kwa mashine, akamchungulia hadi nyuma ya jicho, akatueleza pole pole. Ugonjwa wenyewe unaitwa glakoma, watu wengi wanauita presha ya macho. Maji yaliyo ndani ya jicho yanakosa kutoka inavyopaswa, yanasukuma, na ile neva inayopeleka picha kwenye ubongo inakufa kidogo kidogo. Aina hii iliyo ya kawaida kwetu haiumi wala haiwashi. Huanza kula pembeni, ukawa unaona kilicho mbele yako vizuri kabisa huku kando kunazibika, nawe hujui. Kilichokwisha kupotea hakirudi, si kwa dawa, si kwa upasuaji, si kwa miwani. Kinachowezekana ni kukilinda kilichobaki, kwa matone ya kila siku au upasuaji.

Kwa mume wangu kilichobaki kilikuwa haba. Jicho la kushoto lilikuwa limezimika. La kulia lilikuwa likiona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tangu wakati huo tundu hilo limeingia ukungu. Leo anaujua mchana na usiku, anakijua kivuli cha mtu aliyesimama mlangoni. Herufi hazioni tena.

Daktari aliuliza kama kuna mtu mwingine katika ukoo. Mume wangu akasema babake alikufa akiwa kipofu, nao walidhani ni uzee. Daktari akatikisa kichwa, akatuambia wana wetu wote na ndugu zake wakapimwe, kwa sababu ugonjwa huu hupenda kurithiwa, huwaandama zaidi watu weusi, na hushika kasi mtu apitapo miaka 40. Tukawapima. Ndugu yake mmoja alipatikana nao ukiwa bado mchanga, anatumia matone, na mpaka leo anaendesha pikipiki yake. Nalisema hili hapa wazi ili nawe, kama una zaidi ya miaka 40, usingoje kukanyaga paka.

Usiku ule sikulala. Nilivikumbuka vile vikombe. Nilizikumbuka zile kelele zangu. Mtu alikuwa anaingia gizani ndani ya nyumba yangu, hatua kwa hatua, nami nilikuwa nimekaa pale pale nikimgombeza kwa kujikwaa.

Tangu hapo nyumba yetu ilijipanga upya. Viti havisogezwi. Kikombe hukaa mahali pamoja. Najumu nilimshonea ukosi mwekundu wa kitambaa cha velveti kilichobaki kwenye nguo za kwaya, nikamtundikia kengele ndogo. Siku mbili aliichukia akawa anaviringika sakafuni. Siku ya tatu akaisahau. Sasa mzee anajua paka yuko wapi kuliko ninavyojua mimi, na hajamkanyaga tena.

Vikabaki vitabu. Jioni moja, baada ya taarifa ya habari ya saa moja, nilimwona akivipapasa kwenye rafu, akivisoma migongo kwa vidole, anakitambua hiki kwa unene, hiki kwa jalada lililopasuka. Nikauliza, "Unatafuta nini, Mzee?" Akasema hatafuti kitu, anawasalimu tu.

Nikavaa miwani yangu ya kutungia uzi, nikachukua kimoja, nikaanza kumsomea.

Kusema kweli nilisoma vibaya. Kiswahili nilikipita shuleni, lakini tangu kidato cha nne sikuwa nimefungua hadithi hata moja. Nilisoma kama anayesoma bei za vitambaa. Mzee akawa ananiambia, "Pumzika kwenye nukta, Mama Watoto, hakuna anayekufukuza." Tulianza na Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, ile ya kijana anayetoka Tanga kuja Kenya kumtafuta babake. Siku moja nilichoka, nikafunua kurasa mbili kwa mpigo ili tufike mwisho wa sura. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Umeruka." Alikuwa amekisoma mara nne.

Basi nikaacha kuruka. Na likanipata ambalo sikulitarajia: hadithi zikaninasa. Tulipoingia kwa Bwana Msa nilishindwa kusubiri jioni. Mchana, mzee akiwa nje kwenye jua, nilikuwa nasimamisha cherehani nikisoma mbele kwa siri nijue muuaji ni nani. Jioni nikimsomea sura ile ile najitia kushangaa. Akaniambia, "Sauti yako inajua kitu." Tukacheka hadi Najumu akatoka chumbani kwa hasira, kengele ikilia.

Sasa turudi jikoni.

Mwaka huu watoto wetu walichanga pesa. Watatu wote wana kazi, si haba, wakapatana kimya kimya, wakatuma. Walisema ni za ile safari ya babao ya kwenye mlango wa kabati. Zilipoingia kwenye simu yangu nilikaa nikizitazama. Kile chumba cha nyuma kilikuwa kimefika lenta, kimebaki mabati na mlango. Nikapiga hesabu. Chumba kitalipa kila mwezi, na matone ya macho hununuliwa kila mwezi. Safari ni siku nne, ikiisha imeisha. Nikampigia binti yetu, nikamweleza mpango wangu. Akasema, "Lakini mama, Baba aliingoja sana." Ndipo nilipoyatamka yale maneno manne.

Nilipogeuka kuweka ugali mezani nikamwona. Hakusema neno. Aligeuka, akapapasa ukuta hadi kwenye kabati la vyombo, akafungua mlango, akaitafuta picha kwa vidole. Akaanza kuibandua. Gundi ya unga ikikaa miaka mingi inakuwa mawe, kwa hiyo ilitoka vipande vipande. Akavikusanya kiganjani, akanipa. "Washia jiko," akasema.

Mume wangu hajawahi kuniinulia mkono. Lakini nakwambia, mwenzangu, hakuna kofi ambalo lingeniuma kama vile vipande.

Siku tatu hatukusoma. Saa moja ya jioni ilifika, taarifa ikaisha, nikavaa miwani, naye akasema amechoka. Siku ya pili akasema kichwa kinamwuma. Siku ya tatu hakusema kitu, aliingia kulala na jua halijatua vizuri. Nilibaki sebuleni na kitabu, nikajaribu kujisomea mwenyewe, hadithi ikakosa ladha. Najumu alikuja akakaa kwenye kiti cha mzee, akanitazama kama shahidi wa mashtaka.

Usiku huo wa tatu niliingia chumbani, nikaketi ukingoni mwa kitanda. Nilijua hajalala.

"Mzee," nikamwambia, "nimekosa. Ulimi wangu ulisema neno la kipumbavu."

Akakaa kimya kitambo. Kisha akaniita, "Mama Watoto."

"Naam."

"Wewe ulifikiri nilitaka kwenda kuitazama treni?"

"Si picha uliibandika mwenyewe?"

"Picha zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa ya ndani. Uliwahi kuitazama?"

Nikasema niliitazama, viti tu.

"Viti vinaelekeana," akasema, "na kijimeza katikati. Mimi nilipoviona nikasema, hapo ndipo mke wangu atakaponigeukia. Saa sita nzima, bila cherehani, bila sufuria, bila mteja kubisha hodi. Miaka yote hii mimi nazungumza na mgongo wako."

Nilikosa la kujibu. Nilikumbuka jinsi cherehani yangu ilivyokaa, imeelekea dirishani kwa ajili ya mwanga. Nilikumbuka mtu anarudi kazini jioni, anaketi kwenye kochi, anasimulia mambo ya shule, nami nafanya "eeh, eeh" huku nakanyaga pedali. Nikadhani nasikiliza. Na ni kweli nilisikia, lakini yeye, alipokuwa bado na macho, alichokiona ni mgongo. Sasa nimegeuka, namsomea uso kwa uso kila jioni, naye hanioni.

Nililia, sitaki kukuficha. Yeye akanipapasa kichwa akasema, "Basi, basi. Macho hulia tu hata yakiwa mazima."

Asubuhi iliyofuata tulifanya kazi moja kubwa. Tuliketi na karatasi, nikaandika, naye akataja, orodha ya mambo ya Mombasa yasiyohitaji macho. Nilidhani hatutafika matano. Tukafika ukurasa mzima.

Mahamri ya moto kwa mbaazi za nazi, asubuhi. Dafu. Mhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, pale Mama Ngina, bahari ikipiga mawe chini. Adhana ya alfajiri Mji wa Kale, ikiitikiwa msikiti kwa msikiti. Honi ya feri ya Likoni na vishindo vya miguu ya watu wanaoshuka. Maji ya chumvi vifundoni. Kiswahili cha wenyewe, ambacho yeye anasema tumekisoma kwenye karatasi muda mrefu, sasa tukakisikie kikiuza samaki. Na Fort Jesus. Hapo nilimkatiza, nikasema hilo ni jengo la kutazamwa. Akasema Wareno walianza kulijenga mwaka 1593 kwa mawe ya matumbawe, na kama kuta zimesimama zaidi ya miaka 400, hazitakataa kupapaswa na mzee mmoja wa Nakuru.

Watoto walishika simu wakakata tikiti siku hiyo hiyo, labda wakiogopa nitabadilisha nia. Chumba cha nyuma kitangoja. Kimezoea.

Tunaondoka Jumatano kwa matatu hadi Nairobi, tulale kwa binti yetu, Alhamisi asubuhi tuwe kwenye stesheni ya Syokimau. Nimejifunza majina ya vituo kwa moyo kama mtoto wa shule: Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi, Mariakani, kisha Mombasa. Kila tukifika kimoja nitamtajia. Kati ya kimoja na kingine kazi yangu itakuwa kumsomea dirisha, bila kuruka: mbuyu ukiwa mbuyu, ndovu akiwa ndovu. Wanasema reli ile imeinuliwa mahali pengi huko Tsavo ili wanyama wapite chini yake. Mzee ameahidi kwamba tukifika hapo ni zamu yake, atanisimulia habari za wale simba wawili waliokula wajenzi wa reli ya kwanza mwaka 1898. Nimeisikia hadithi hiyo mara kumi. Lakini niliisikia nikiwa nimempa mgongo, kwa hiyo naihesabu kuwa mpya.

Najumu atabaki kwa mtoto wa jirani, aliyepewa maagizo marefu kuhusu maziwa na kengele. Dawa ya matone imo kwenye mkoba wangu, si kwenye sanduku, maana haikosi hata siku moja. Kitabu ni kimoja tu, Mzimu wa Watu wa Kale. Mimi namjua muuaji, yeye anamjua muuaji, na tumekubaliana hakuna atakayejitia kushangaa.

Wewe unayesoma haya Jumapili ya leo, huenda nawe una picha iliyobandikwa mahali, au neno "mwakani" unalolirudia kila Desemba. Sikuambii uache kuezeka paa. Mabati ni ya lazima, na karo ni ya lazima. Nakuomba tu umwulize mwenzako ile picha aliibandika kwa nini. Mimi nilichukua miaka mingi kuuliza, na jibu halikuwa treni.

Jana jioni nilikuwa namalizia rinda la mwisho la mteja. Mzee akasikia pedali imenyamaza.

"Mama Watoto," akaita kutoka kwenye kochi, "umeifunika cherehani?"

"Nimeifunika, Mzee."

"Basi njoo ukae huku."